Siku Televisheni Zilipovishwa Kanga

Sasa tuseme mji huo ulikuwepo. Jina lake hatulitaji, na si kwamba ni siri, ila kila aliyelitaja alilitaja kivyake na wote walikuwa wamepatia. Katika mji huo jana haikupita. Ilihamia tu mtaa wa pili, na mtu akipungukiwa angeweza kwenda kuigongea mlango akaomba chumvi. Kesho nayo kuna siku ilifika mapema, ikakaa barazani kusubiri watu waamke. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka, na hakuna aliyejua hasa ana umri gani. Raya, ambaye ndiye tunayemfuata humu, aliamka asubuhi ile akiwa mwanamke mtu mzima, wa magoti yanayolalamika akiinama. Akipiga mswaki akajikuta mtoto. Alipomaliza kufunga kilemba akawa mtu mzima tena. Hayo alishayazoea. Kilichomkosesha raha ni chai. Alijimiminia, akageuka kuchukua sukari, akarudi akakuta kikombe kikavu. Akamimina tena, kikakauka tena. Ni kama vile chai yenyewe haikuamini kwamba pale kuna mtu wa kuinywa.

Na sababu alikuwa anaijua. Tangu lile tangazo litolewe, vitu vilikuwa vimeanza kumruka. Mwenye duka alimpa chenji yake mteja wa nyuma. Paka wa jirani alimpitia mguuni kama anapita mlangoni. Kivuli chake, ambacho zamani kilikuwa kinamtangulia kwa furaha, siku hizi kilichelewa kutoka nyumbani.

Tangazo lilitolewa na Afisa wa Waonekanao, Bwana Hamdani, mwanamume wa suti ya kijivu na sauti ya mtu anayesoma hata pale anapokohoa. Alisimama sokoni akasema hivi: kazi zote za marehemu Bi Mwanamvua zitakusanywa zionyeshwe kwenye ukumbi uliokuwa ghala la pamba, ili mji umuenzi. Na kwa kuwa marehemu aliupiga picha mji huu maisha yake yote, basi usumbufu wa kujua nani mtu wa hapa na nani siye umekwisha. Atakayeonekana kwenye maonyesho yupo. Asiyeonekana hayupo, na asiyekuwepo afunge mizigo kabla jua halijazama aende kwa wenzake. Wenzake wanakaa wapi, Afisa hakusema. Watu wakapiga makofi, maana kila mmoja alikuwa anakumbuka siku aliyopigwa picha, na alikumbuka alikuwa amevaa nini.

Raya hakupiga makofi. Bi Mwanamvua alikuwa shangazi yake, na Raya ndiye aliyekuwa akimshikia waya wa kamera.

Hapa inabidi tusimame kidogo tumweleze huyo shangazi. Kabla yake, televisheni katika mji ule ilikuwa kitu cha kuangalia habari, ikiisha unaifunika kitambaa cha kufuma. Bi Mwanamvua ndiye wa kwanza kuishika televisheni kama mfinyanzi anavyoshika udongo. Alizilaza televisheni chali uani, nyuso juu, akazifanya zionyeshe mvua ya mwaka mwingine. Watu wakawa wanapita katikati yake na miamvuli, wanatoka wameloa. Alitengeneza televisheni ya kuchelewa: unasimama mbele yake leo, inakuonyesha ulichokuwa unafanya Alhamisi iliyopita, kwa hiyo wanaume wengi waliacha kupita njia ile. Aliifundisha redio kunyamaza, akaiweka dirishani, na watu walitoka mbali kuja kuisikiliza ikinyamaza. Walimwita mwendawazimu kwa muda, halafu wakamwita Bi Mkubwa. Hakuna aliyeona siku ambayo jina moja lilitoka na jingine likaingia.

Kamera yake ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala, na ilikuwa na mkia wa waya mrefu wa kufika mpaka nyumbani kwenye umeme. Bi Mwanamvua akienda sokoni, waya unaenda sokoni. Akienda harusini, waya unapita katikati ya wapishi. Raya alikuwa nyuma, anaulegeza, anauvuta, anauzungusha mkononi. Siku moja shangazi alimwambia, njoo mbele na wewe nikupige, na Raya akakimbia kujificha nyuma ya pipa la maji mpaka aliposikia kamera imezimwa. Shangazi akacheka, hakurudia tena. Na kamera haikuwahi kugeuka nyuma.

Nipo, alijiambia asubuhi ile mbele ya kikombe kikavu. Nipo, siyo? Mkono huu hapa. Ukigonga meza, meza inalia. Lakini meza inalia hata paka akiruka juu yake. Na kama mtu ni yule anayeonekana, je, wakati amelala na taa imezimwa huwa anakwenda wapi? Anakwenda kwa wenzake? Anarudije kabla ya alfajiri, na ni nani anayemfungulia mlango? Aliyafikiri hayo huku anacheka peke yake, maana Raya alikuwa mtu wa kucheka hata na hofu yake. Akaona hakuna namna, akaenda.

Ukumbi ulikuwa umezibwa madirisha kwa mbao, ili picha zionekane vizuri. Mwanga wote uliokuwemo ulikuwa ni wa televisheni tu, na zilikuwa nyingi, zimepangwa ukutani mpaka darini, nyingine zimelala, nyingine zinaning'inia kama nyama buchani. Nyaya zimetambaa sakafuni kila upande. Mlangoni kulikuwa na picha kubwa ya marehemu, uani wali unapikwa kwa ajili ya wageni, na katikati ya ukumbi alisimama Afisa na muhuri wake wa wino wa zambarau. Kila aliyejiona alinyoosha kidole, Afisa akatazama picha, akamtazama mtu, akampiga muhuri kiganjani.

Furaha iliyokuwemo mle ni ya kuhadithia. "Mimi yule pale, wa kwanza kushoto." "Wewe? Wewe ulishawahi kuwa na shingo?" "Mtazameni mama yangu, marehemu, anamkaripia baba." "Baba mwenyewe hajibu." "Hakujibu hata alipokuwa hai." Kuna kazi moja ambayo ukisimama mbele yake inakuonyesha kisogo chako, na hapo ndipo aliposimama Kombo, kinyozi wa mji, mtu aliyevishika visogo vya wote na chake hajakiona. Alikitazama kwa muda.

"Hiki si changu," akasema.

"Ni chako, Kombo. Inua mkono uone."

Akainua mkono, na kwenye picha mkono ukainuka. "Haya. Nani kakinyoa vibaya hivi?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Raya naye alicheka, huku anapita televisheni moja baada ya nyingine, anatafuta. Sokoni hayupo. Harusini hayupo. Kwenye gharika, kwenye mpira, kwenye siku ile mbuzi alipoingia benki, mji mzima upo, hata mbuzi yupo, anatafuna karatasi kwa utulivu kabisa. Mbuzi mwenyewe alikuwemo ukumbini, na alishapigwa muhuri kwenye ukwato. Raya akaja hata mbele ya ile ya kisogo, akasimama. Picha ikaonyesha ukuta.

"Na wewe?" Afisa alikuwa amefika ubavuni kwake, ila alikuwa anaongea kidogo pembeni yake, kama mtu asiye na hakika kiti kiko wapi.

"Mimi Raya."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza uko wapi."

"Niko hapa, Afisa."

"Hapa ni nje ya picha." Hakusema kwa ubaya. "Tafuta tafuta. Imebaki ile moja ya mwisho kule kwenye kona. Ukijikosa na kule, mwanangu, jua lenyewe unaliona linavyokwenda."

Jua halikuwa linaonekana mle ndani, lakini Raya alilisikia, linateremka ukutani kwa nje kama mtu anayeshuka ngazi. Akaanza kwenda konani. Hakufika. Mlangoni kulipigwa kelele iliyokuwa nusu kilio nusu kicheko, na ukumbi mzima ukageuka.

Alikuwa Bi Mize. Bi Mize alikuwa mtani wa Bi Mwanamvua. Ukoo wake na ukoo wa marehemu walikuwa watani tangu mababu, na wenye watani wanajua maana yake. Ukifiwa, mtani anakuja kukucheka. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anachota nyama chunguni kabla ya wenye msiba, na hakuna ruhusa ya kukasirika hata kama wewe ni mfalme. Bi Mize alitakiwa kuwepo siku ya maziko. Bahati mbaya alipitia ule mtaa wa pili, wa jana, akamkuta marehemu yuko hai anapika kahawa, wakakaa kuongea, na alipokumbuka kwamba amekuja kumzika, maziko yalikuwa yamekwisha. Sasa amefika. Anaona picha ya marehemu mlangoni, watu wamejaa, wali unanukia. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

"Mwanamvua weye," aliiambia picha, "kwa ubishi wako ule nilijua hutakufa mpaka ubembelezwe. Kumbe umekufa, tena umekufa na mabango."

"Mama," Afisa akamwendea, "haya ni maonyesho."

"Msiba wa wakubwa siku hizi ndivyo unavyoitwa? Sawa. Wali uko wapi?"

"Hakuna msiba hapa."

"Mwenyewe amekufa, hajafa?"

"Amefariki."

"Watu wamekusanyika?"

"Wamekusanyika, lakini..."

"Wali huo nausikia mimi tu?"

Afisa akanusa.

"Basi nenda kakae na wanaume wenzako kule nje, usinichoshe na miguu yangu imevimba."

Akapita. Alifungua kabati la kioo walimoweka vitu vya marehemu, akatoa koti lile la mifuko mingi akalivaa, akatoa miwani akaivaa, akaibeba ile kamera nzito begani, tupu, bila waya, akaanza kutembea ukumbini amevigeuzia nje vidole vya miguu kama Bi Mwanamvua mwenyewe. "Hebu kaa hivyo hivyo," alimwambia Kombo kwa sauti ya marehemu. "Usitabasamu. Ukitabasamu unafanana na mkopo." Watu walilia kwa kucheka, na katikati ya kucheka wengine walilia kweli, maana ilikuwa ni yeye, alikuwa amerudi, alikuwa anawatukana vilevile. Kisha Bi Mize akasimama ghafla. Akasukuma miwani juu ya paji la uso. Akazitazama zile kuta.

"Nyinyi," akasema, "mna akili? Matangani televisheni inawaka?"

Watu wakageuka kuzitazama.

"Mtu amekufa, na nyinyi mmewasha. Tena zote. Hata kitambaa hakuna. Mwanamvua hakuwa na ndugu?"

Hapo wanawake wakaanza kutazamana. Katika mji ule, nyumba yenye msiba haiwashi televisheni. Huifunika, au huigeuza uso ukutani, mpaka matanga yaishe, na kila mtu hilo alilijua tangu utotoni. Walikuwa wamelisahau kwa sababu neno maonyesho liliwababaisha. Sasa aibu ikawapanda mpaka masikioni. Mmoja akavua kanga ya begani akaenda kuitandika juu ya televisheni iliyokuwa karibu naye. Mwingine akafuata.

"Zikifunikwa nitaonaje?" Afisa akauliza.

"Umekuja kuzika au umekuja kuchungulia?"

"Basi angalau zizimwe kwa utaratibu."

"Kuzima mimi sizimi. Mashine za Mwanamvua zinajulikana. Zikinipiga shoti utanizika wewe?"

Raya aliona kanga zinapanda ukutani moja baada ya nyingine, nyekundu, za maua, za korosho, na kila moja ilipotua ukumbi ulipungua mwanga. Akataka kusema, subirini, kuna ile ya konani sijaitazama. Alifungua mdomo. Sauti haikutoka, na haikuwa uchawi, ilikuwa ni aibu tu, ile ile iliyompeleka nyuma ya pipa la maji. Ikabaki ile moja, inamulika pale pembeni. Bi Mize alitazama huku na huku, wanawake wote walishatoa kanga zao. Akamwona Raya.

"Lete hiyo, mwanangu."

Na kabla hajajibu, kanga ikavutwa begani mwake. Ndiyo, tumaini lake la mwisho lilikuwa linafunikwa kwa kanga yake mwenyewe. Lakini tangu tangazo litolewe hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumnyang'anya kitu, na Raya alishangaa kuona jinsi inavyopendeza kunyang'anywa. Hunyang'anywi kama hupo.

Giza likaingia.

Lilikuwa giza la ndani ya gunia, zito, lina joto na harufu ya karafuu na udi wa kwenye kanga. Mwanzo hakuna aliyesikia kitu. Halafu, kama maji yanavyoanza kusikika ukiacha kuongea, zikasikika zile televisheni, chini ya nguo zao, zinaendelea. Picha zilikuwa zimewapigia kelele machoni siku nzima hata hawakujua kwamba zina sauti. Soko lilikuwa linauza. Harusi ilikuwa inapiga vigelegele. Mama wa mtu alikuwa anamkaripia baba wa mtu, na kimya cha baba nacho kilisikika vizuri kabisa. Miaka yote ya mji ule ilikuwa inaongea kwa pamoja mle gizani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uso, hakuna aliyejua ni nani aliye hai na ni nani anayetoka kwenye mashine. Mtu alisema, "Nisogezee mkeka," na watu wawili wakausogeza. Mwingine akacheka, na kicheko kikajibiwa na kicheko chake mwenyewe cha zamani, chembamba zaidi.

Na katikati ya sauti zote hizo ilikuwemo moja ya chini, ya kike, karibu sana, kama inatoka nyuma ya sikio la msikilizaji.

"Angalia mguu."

Ukumbi mzima ukainua mguu.

Ndiyo, wote. Kombo aliinua, wanawake waliinua, wapishi waliokuja kuchungulia waliinua, mbuzi aliinua. Hawakufikiri. Katika mji ule hakuna aliyekua bila kuambiwa neno hilo, sokoni, harusini, kwenye mpira, kila mahali ule waya ulipopita, na mguu huwa haungoji kumuuliza mwenye nao. Kutoka kwenye kila televisheni, ya kila mwaka, sauti ile ikaja tena, mara changa, mara ya mtu mzima: angalia mguu, shikamoo, angalia mguu, pole, pita hapa, angalia mguu. Basi wakabaki hivyo, mji mzima umesimama kwa mguu mmoja gizani kama korongo, na hapo ndipo walipokumbuka kwamba sakafuni kweli kuna nyaya, na hawajui ziko wapi.

"Sasa?" Kombo akauliza.

"Sasa usishushe."

"Nimeinua wa kulia, wa kushoto una ugonjwa."

"Raya yuko wapi?" mtu akasema. Na mwingine, kutoka upande wa pili: "Muulizeni Raya." Na mwingine: "Raya, tuelekeze basi, mama, tutaanguka."

Raya alisimama pale pale, miguu yote miwili chini. Jina lake lilikuwa linapita juu ya vichwa likimtafuta. Mimi? Niseme mimi? Nikisema watanitazama. Halafu akacheka moyoni, maana watamtazama na nini? Hakuna mwanga. Kumbe giza lote hili ni nyuma ya kamera, limepanuka tu, na leo wote wamekuja kukaa huku kwake. Na huku, wallahi, yeye ndiye mwenyeji.

"Kombo," akasema. Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye televisheni, na ukumbi ukatulia. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Shusha."

Kombo akashusha. "Asante, mwanangu."

"Bi Mize, wewe upo juu ya waya tayari, usiuburute. Mama mwenye mtoto, nenda kulia, bado, bado, haya." Akamtaja huyu, akamtaja yule, kwa pumzi zao, kwa vikohozi vyao, kwa jinsi kila mtu anavyoyumba akichoka. Mguu mmoja ukishuka, mwingine unafuata, na kila ulioshuka ulitoa mlio mdogo wa kupumua, ukumbi mzima ukawa kama mtu mmoja anayekaa kitini baada ya safari. Aliongea zaidi ya alivyoongea maisha yake yote, na hakuona haya hata kidogo. Alitia na utani. Naye mbuzi akaambiwa ashushe yote minne.

Mwisho ukabaki mguu mmoja tu. Ulisikika, kwa sababu suti ilikuwa inakwaruza.

"Raya," Afisa akasema, "na mimi je?"

Raya alimwacha asimame hivyo kidogo. Hakuwa na ubaya naye. Alitaka tu kuionja ile hali ya kuombwa.

"Kwanza atuambie," Bi Mize akadakia kutoka gizani, bado amevaa koti la marehemu. "Huyo anayemwomba yupo, au hayupo?"

"Yupo."

"Miwani hii inanizuia kusikia."

"Yupo," Afisa akasema, na safari hii hakuwa anasoma. "Raya yupo, abaki, muhuri huo hapo chini ameukanyaga mbuzi. Raya, mwanangu, mguu unakufa ganzi. Nishushe wapi?"

"Shusha tu, Afisa," Raya akamwambia. "Hapo kwako hakujawahi kuwa na waya."